Fomu Iliyofukizwa Udi

Nianze na upuuzi wangu, maana hata nikiuficha mtaa mzima unaujua: nilimwambia mama yangu kwamba fomu ya kuombea chuo lazima ifukizwe udi kabla haijapelekwa.

Ilikuwa likizo, ile ya kabla ya mwaka wetu wa mwisho wa skuli. Wavulana sita tulipewa fomu za kuombea nafasi chuo kikuu huko Bara, kila mtu moja, na karani wa skuli akatuapia kwamba ya pili hana. "Atakayeimwagia chai," alisema, "basi akanywe na chuo chake." Kabla ya kuijaza nilijaribu wino kwenye gazeti, kisha kwenye kiganja, kisha kwenye ukuta wa choo, na bado niliogopa nilipofika penye jina la marehemu baba. Na mimi nikiogopa hutania. Ndiyo maradhi yangu.

Mama alikuwa mkekani, anashona kofia. Akanyoosha kidole kwenye fomu. "Na hapa chini pameandikwaje?"

Mama yangu anasoma Qurani, na barua zake kwa dada yake wa Pemba huziandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, mwandiko unaoutia aibu wangu. Lakini herufi za skuli hazijui. Nikaukunja uso kama kadhi.

"Pameandikwa: mwombaji aifukize fomu yake. Wakubwa wa chuo husoma kwa pua kwanza."

"Udi au ubani?"

"Udi, mama. Ubani wataona tumefiwa."

Nilitegemea acheke, anirushie kofia. Hakucheka. "Kumbe na wao wana adabu zao," alisema, akaendelea na sindano yake. Nami nikatoka zangu kwenda kupiga soga barazani, nikasahau.

Niliporudi alasiri ngazi nzima inanukia harusi. Fomu yangu imelazwa juu ya tenga la kufukizia nguo, pale pale inapolazwa kanzu yangu ya Idi, na chini yake chetezo, makaa bado mekundu. Nikainyanyua. Katikati palikuwa na duara la rangi ya kahawia, upana wa kikombe cha kahawa, limemeza tarehe yangu ya kuzaliwa na nusu ya jina la baba. Nilipoligusa likadondoka, nikabaki nauona mkeka kwa upande wa pili.

"Imeshika?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Ningesema pale pale, hadithi hii ingekuwa fupi. Nikasema, "Naam, imeshika."

Asubuhi nilikwenda skuli nimeikunja fomu ndani ya kanzu, na kila niliyepishana naye uchochoroni aligeuka kunusa. Karani alikuwa peke yake ofisini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekuja na bibi harusi?" Nikaitoa. Akainusa, akachungulia kwenye tundu, akanitazama kupitia humo. Nikamweleza yote. Alicheka hata akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Meli inaondoka kesho na barua zote. Fomu nyingine sina, nilikwambieni. Sasa nisikilize. Andika barua ya kueleza, mzazi aitie saini, tuibane pamoja. Sema mama hajasoma, kaiunguza kwa kutojua. Hayo wameshayazoea, watakusamehe. Ukisema ulikuwa unafanya mzaha, watauliza chuo cha nini kwa mpuuzi kama huyu."

Nikaiandika kwa Kiingereza, mistari saba. Sitaficha: ilinipendeza. Kwa lugha ile maneno hayakunikwama kooni hata kidogo. Nikampelekea mama na kalamu.

"Barua ya kusindikizia fomu. Tia saini hapa."

"Nisomee."

"Mimi mzazi wa mwombaji namwombea mwanangu kheri, nanyi wakubwa wa chuo nawaombea afya."

Mama akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. "Wino mwingi, maneno machache." Akaichomeka sindano kwenye kofia. "Kamwite mtoto wa jirani."

Mtoto wa jirani ni msichana wa ghorofa ya juu, anasoma skuli ya wasichana, hasimu yangu tangu nilipomtilia kaa wa pwani kwenye mkoba. Nilidhani atafurahi. Alisoma kimya, midomo inacheza, kisha akaniangalia kwa huruma. Ingekuwa afadhali aniume.

"Mama, pengine asome mwenyewe..."

"Yeye keshasoma. Soma wewe."

"Imeandikwa..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "'Mama yangu ni mwanamke asiye na elimu. Aliidhania fomu kuwa ni nguo. Ameiunguza kwa ujinga.'"

Nilisubiri kelele. Mama aliuliza neno moja tu. "Imeungua?"

Nikaileta. Akapitisha kidole chake cha kushonea kwenye lile tundu, kikatokea upande wa pili, akakitazama.

"Na yale ya kufukiza?"

"Hayakuandikwa, mama."

"Najua unatania watu," alisema. "Sikujua na mimi ni watu."

Nikaomba radhi, sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine. Akaichana ile barua vipande viwili, akanisukumia karatasi nyeupe. Nikaandika nyingine pale pale mkekani, yule msichana kanisimamia kichwani kama askari: kwamba nilimsomea mama yangu lisilokuwemo, kwamba yeye alifanya kama nilivyomwambia, tena kwa mapenzi, kwamba kosa ni langu. Kila mstari niliouandika niliona chuo kinarudi nyuma hatua moja. Nilipofika mwisho kilikuwa kimeshazama.

Msichana akaisoma kwa Kiswahili, yote, pole pole. Mama akachukua kalamu akatia jina lake kwa herufi zake, kutoka kulia kwenda kushoto, bila ya haraka, likatoka zuri kuliko kitu chochote kilichokuwamo kwenye karatasi ile.

"Mama," nikasema, "na wakininyima?"

Aliupuliza wino mpaka ukakauka.

"Lete chetezo," alisema. "Na hii nayo itafukizwa. Safari hii utashika wewe, tuone kama mwenye elimu haunguzi."