Mshenga na Kivinjari cha Baba Neema

Watanzania wa huku Toronto wakitaka kupeleka posa, hunitafuta mimi, na ni haki yao. Kuanzia Crescent Town hadi Brampton hakuna mshenga mwenye ulimi kama wangu. Neema, binti niliyetumwa kumposea kijana mmoja, ameshaolewa, kwa hiyo leo naweza kuungama.

Nilipokwenda kujitambulisha kwao, nilimkuta baba yake akigombana na kompyuta. Kila ukurasa wa mtandao ulikuwa unagoma kufunguka.

"Tatizo ni kivinjari, mzee wangu. Hujakisasisha miaka."

Nikakisasisha palepale. Na kwa kuwa sijui kuishia njiani, nikaingia kwa akaunti yangu nimwonyeshe maajabu: kurasa ulizohifadhi kwako zinakufuata mpaka kwenye kompyuta ya mwenzako. Mzee akabaki mdomo wazi. Nikaondoka kifua mbele, bila kukumbuka kutoka kwenye akaunti.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na posa. Sebule imejaa, Baba Neema kapakata kompyuta yake. Nikasimama, nikakohoa.

"Wazee wangu, tumepita njiani tukaona ua limechanua bustanini kwenu..."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nikanogewa, nikapaa, kisha ghafla maneno yakanipotea.

Baba Neema akavaa miwani, akainamia kompyuta.

"'Nasi tunaomba tulitunze,'" akanisomea polepole. "Ndivyo ulivyohifadhi hapa, mshenga, kwenye ukurasa wa 'Hotuba Tamu za Posa'. Halafu wameandika: 'Hapa mshenga afute machozi.'"

Leso nilikuwa nayo mkononi tayari.