Paa Nililoliezua Kashebere

Nakumbuka asubuhi moja ya mawingu mazito kule Kashebere, mwanangu, nikiwa juu ya paa la nyumba inayokaliwa na mtu, nang'oa majani na kuyatupa chini kama vile ninasafisha shamba. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Siku ile walioningoja chini walikuwa wawili: aibu, na mzee mmoja mpole.

Usinitazame ukafikiri sina mvi za kutosha kukupa nasaha. Ni kweli, miaka yangu ni arobaini na kidogo tu. Lakini mtu ambaye hajatulia mahali pamoja tangu ujana wake huzeeka kwa miguu kabla ya kuzeeka kwa kichwa, na mimi nimelala katika vyumba vya kupanga kuanzia Kirotshe, kando ya ziwa, hadi ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Nimesimama pande zote mbili za mlango: ndani nikiogopa kufukuzwa, na nje nikifukuza.

Kwetu ni Kingi, kwenye vilima vya Masisi. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharagwe mabichi yakichemka, naona ukungu wa bondeni na paa la nyasi la nyumba ya mama likitoa moshi taratibu. Nilipotoka shule ya sekondari ya mapadri, mjomba wangu aliniita Kashebere, pale ambapo barabara inaviacha vilima na kuingia msituni. Mjomba alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha kando ya barabara. Wapangaji wake walikuwa watu walioishi kwa malori yanayopita: mchuuzi wa chumvi, wabeba mizigo wawili, na Mama Bahati, mwanamke wa msituni aliyewauzia madereva muhogo na ndizi za kuchoma. Mume wake alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye machimbo. Kodi yenyewe haikuwa kubwa. Ukikosa fedha, ulileta kibuyu cha mawese, na mjomba alishukuru.

Kisha mvua ya mwaka ule ikabeba daraja. Malori yakakoma kupita. Wabeba mizigo wakarudi vijijini kwao, mchuuzi wa chumvi akala mtaji wake, na Mama Bahati akakaa mbele ya makaa yake na ndizi zisizo na mnunuzi. Mjomba naye akaugua, akapelekwa Kirotshe hospitalini, na kabla ya kuondoka akaniambia maneno mawili tu: angalia nyumba. Mimi nikadhani amesema angalia kodi.

Sasa nikueleze ugonjwa wangu, maana kila kosa lina mzizi wake. Nilikuwa na hamu ya kusafiri iliyoninyima hata utamu wa chakula. Upande wetu wa daraja lori moja lilikuwa limekwama, na mwenye lori hilo alitafuta chumba kikavu cha kuwekea magunia yake ya chumvi. Akaniambia kwamba nikimpatia chumba, daraja likitengenezwa atanipakia kando yake mbele, hadi Stanleyville. Stanleyville! Niliona mto mkubwa na taa zake kabla hata ya kufunga kinywa.

Chumba kizuri kuliko vyote kilikuwa cha Mama Bahati, na yeye alikuwa hajaleta kitu kwa miezi mitatu. Nilimwandikia barua. Ilikuwa barua safi, kwa mwandiko wa shuleni, ikisema ahame ndani ya siku saba. Nikaiingiza chini ya mlango nikaondoka kifua mbele. Siku ya nane bado yupo. Basi nikangoja aende mtoni na mtoto wake mgongoni, nikachukua ngazi, nikapanda kuezua. Mtu hahitaji kusukumwa nje, nilijiambia. Ukiondoa paa, mvua yenyewe itamtoa, kisha nitaliezeka tena kwa ajili ya chumvi.

Alirudi nikiwa nimefika nusu. Aliingia, akachukua kikapu chake kikubwa, akakifunikiza juu ya moto ili mvua ikija isiuzime, ndipo akatoka kunitazama.

"Wewe kijana wa milima," alisema, "unafanya nini huko juu?"

"Mama, mi nilikuandikia barua."

"Ile karatasi? Ile njo niliwashia moto. Nilikushukuru sana, kuni zilikuwa mbichi."

Majirani waliokuwa wamekusanyika walicheka, na mimi nikazidi kung'oa kwa hasira. Mvua ikaanza. Watu wakakimbilia barazani mwao, ila mzee mmoja alikuja polepole akitembelea fimbo yake. Huyo alikuwa Papa Kubuya, mushamuka wa pale, yaani mzee ambaye neno lake ndilo hukata maneno ya kijiji. Aliingia katika nyumba ile isiyo na paa, akaketi kwenye kiti cha Mama Bahati, mvua ikimpiga kichwani, kisha akaniita kwa mkono. Nikashuka. Akanionyesha pa kukaa mbele yake.

Tulikaa hivyo, mwanangu, yeye na uzee wake, mimi na ujinga wangu, tukilowa. Aliniuliza kama mahali hapa ni pazuri pa kukaa. Ndipo akanieleza jambo ambalo mjomba hakuwahi kunieleza. Mjomba hakufika Kashebere kwa kupenda. Shamba lake la Kingi lilizungushiwa ua wa mtu mwingine mwenye nguvu kuliko yeye, akaja na godoro la majani na mke mgonjwa. Kila nyumba ya kijiji ilimletea mzigo mmoja wa majani mapana ya msituni, wakamuezekea. Ndivyo walivyomfanyia kila mtu aliyefika bila paa. Vyumba vile vinne vilizaliwa na nyumba ile moja.

"Ukuta ni ya mujomba yako," alisema Papa Kubuya. "Lakini majani ni ya batu, ya kijiji kizima. Na tena, musikilize. Muntu akishindwa kulipa, uliza kwanza: ni yeye njo amevunjika, ao ni daraja? Kama ni yeye, mutaongea. Kama ni daraja, ngojea daraja."

Adhabu yangu hakuitangaza kwa sauti kubwa. Mama Bahati na mtoto wake wahamie chumba cha mjomba, mimi nilale jikoni. Na mimi mwenyewe niende mlango kwa mlango kuomba mzigo mmoja wa majani, na katika kila mlango niseme kwa kinywa changu ninaombea nini.

Nilipita nyumba zote. Katika mlango wa tano mzee mmoja aliniuliza kama shuleni wanafundisha kuezua, au nilijifunza peke yangu. Lakini hakuna aliyeninyima. Bibi kizee mmoja kipofu, ambaye hakuwa na wa kumkatia, alichomoa majani machache ya jiko lake akanipa, akisema jiko litavumilia. Yale majani yalikuwa mazito kuliko mizigo yote.

Siku ya kuezeka nilipanda tena, na kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuezeka, nilianza kutundika majani kutoka juu kwenda chini. Mama Bahati alinitazama, akaketi kabisa ili acheke vizuri.

"Kaka, unaezekea mvua ya wapi? Ile inatoka mu udongo?"

Akanifundisha: unaanza chini, unapasua bua la jani, unalitundika kwenye ufito, na linalofuata linalala juu ya mwenzake.

Mwenye lori aliweka chumvi yake mahali pengine. Daraja lilipopona alipita akipiga honi, na kiti cha kando yake kilikuwa na mtu mwingine. Nilisimama barabarani nikalia, sikufichi. Wiki hiyohiyo Mama Bahati aliuza ndizi zake zote, na kodi ya kwanza aliyoleta ilikuwa mawese, akaniwekea jikoni. Mjomba aliporudi alisikia habari yote, akaniuliza tu yule bibi kipofu alitoa majani mangapi. Kisha akakubaliana na Papa Kubuya na wenye vyumba wengine: daraja likiwa chini, mpangaji hatolewi, na kila kiangazi kila nyumba itaweka kando mti mmoja na mzigo mmoja wa majani, kujenga chumba cha wale waliobanwa.

Nilipita tena Kashebere baada ya miaka mingi, nikiwa na mzigo wangu mgongoni kama kawaida yangu. Papa Kubuya alikuwa amelala udongoni. Vyumba vya waliobanwa vilikuwa vitatu. Mama Bahati sasa alikuwa na chumba chake cha kupangisha, na ndani yake kijana aliyekosa kazi. Lakini yeye bado aliishi katika chumba kilekile, na mvua iliponyesha, tone lilidondoka karibu na moto, ndani ya chungu. Nilitaka kupanda nirekebishe. Akanishika mkono.

"Acha. Hapo njo ulianzia juu siku ile ya kuezeka. Kila wakiezeka mupya, ninaomba baache hapo vile. Nikisikia hasira na mupangaji wangu, ninakuja kusikiliza hii tone."

Basi, mwanangu, ukija kuwa na mlango wa kumpangisha mtu, usiupime ukarimu wako wakati malori yanapita. Dhiki ikija, uliza kwanza kilichovunjika. Kama ni daraja, ngojeeni pamoja. Na usingoje dhiki ndipo utafute majani. Yakusanywe jua likiwaka, kila nyumba mzigo wake, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiwa wewe ndiye mpangaji, peleka hata kibuyu chako kimoja daraja likipona, usiwafungie wengine mlango ulioachiwa wazi.

Mungu akupe paa lisilovuja, na akikupa, asikunyime masikio ya kusikia mvua inayomnyeshea jirani.