Kompyuta Iliyopepewa Kuliko Bi Harusi

Miaka ile ya foleni ya sukari na sabuni ya kukatiana vipande, kikundi chetu cha ngoma kilikuwa na wanawake kumi. Majina yao ninayo yote kichwani mpaka leo, na ya mama zao pia, siyaandiki tu. Hali ilipokaza wakatawanyika. Kuna aliyerudi Maramba kulima, kuna waliofuata waume, kuna waliotangulia mbele ya haki. Ilipokuja ruksa ya biashara na maduka kujaa vitu, kikundi kimebaki watu wawili, mimi na wifi yangu, mke wa kaka.

Basi binti yangu, mama wa wajukuu hawa wanaonipigia kelele sasa, akaposwa. Nami nilikwisha kuapa tangu yu mchanga kwamba harusini kwake utaimbwa wimbo wetu, kwa sauti kumi. La sivyo niwaite wapinzani wetu, wale wa kikundi cha Makorora, waliokuwa wakitucheka kuwa tumebaki ngoma bila ngozi. Heri nisimwoze kabisa!

Binti mwenyewe alikuwa amesomea kompyuta. Akatuambia, "Mama, tukiwa nayo hapa nyumbani, mtu anaimba, halafu anaimba tena juu ya sauti yake, mpaka mnakuwa kumi."

Wifi akashika kifua, akanigeukia mimi. "Kumbe nitajiitikia mwenyewe? Maana kaka yako, miaka yote nikimwita haitiki!"

Tabu ni kwamba mjuzi wetu ndiye mwali. Keshawekwa ndani, kapakwa liwa, ule msio wa kunukia, mpaka masikioni, kutoka ni mwiko. Ikabidi twende dukani sisi, ambao shule tuliichungulia dirishani. Akatukaririsha kama watoto wa chuoni: ulizeni kumbukumbu, ulizeni kadi ya sauti, na isiwe na kelele, maana maikrofoni inashika kila kitu.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyetuuzia kanga tangu enzi za foleni. Sasa anauza kompyuta za mtumba kutoka Dubai, zilizokwisha kutengenezwa upya.

"Karibuni, mama zangu. Mnamtafutia mtoto?"

"Tunajitafutia wenyewe," akasema wifi. "Tunafungua studio."

Akatuwashia moja moja. Tukainama, masikio ubavuni mwa mashine kama tunasikiliza mtoto tumboni. Ya kwanza ilivuma kama kinu cha kusaga. Ya pili ikakoroma. "Kaka yako mtupu huyu," wifi akaninong'oneza. Ya tatu, kimya! Hata pumzi huisikii.

"Hii hii!" nikasema.

"Lakini mama, ile inayovuma ina kumbukumbu kubwa zaidi."

"Kumbukumbu ninayo mimi, baba. Funga hii."

Nyumbani mwali ana hina mikononi, hawezi kugusa kitu. Akawa anaelekeza kwa kidevu, na wifi kakishika kipanya kama kashika pweza. Sauti ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Katikati ya ya tatu, kioo kikawa cheusi. Kuigusa, moto kama kikaango! Tukafungua mfuniko wa ubavuni, binti akachungulia, akacheka mpaka liwa ikapasuka.

"Mama, ilikuwa kimya kwa sababu feni yake imekufa!"

"Tuirudishe," nikasema.

"Tupewe ile inayokoroma?" Wifi akamnyang'anya shangazi wa mwali kipepeo cha ukili alichokuwa akimpepea mwali, akaanza kuipepea kompyuta. Ikapoa, ikawaka, ikakubali, tukaendelea kurekodi.

"Jamani, mimi ndiye bi harusi au hiyo?" binti akalalama, jasho linamtiririka.

"Wewe hujazimika! Tulia!" wifi akamkemea.

Tukaimba. Kila sauti niliyoongeza nilimtaja kwanza mwenzetu mwenye sauti hiyo, kisha nikaimba kama yeye: wa Maramba aliyekuwa akivuta mwisho wa neno, marehemu wetu aliyeimbia puani. Wifi akaimba huku anapepea, ndiyo maana mwishoni anasikika akihema.

Wimbo tukauhamishia kwenye kanda, na siku ya harusi tukaiweka kwenye redio. Wale wa Makorora wakasogea karibu na redio. Kiongozi wao akaniinamia: "Shoga, wenzenu wamerudi lini?"

"Wamekuja harusini," nikamjibu, machozi yananilenga na kicheko kinanibana.

"Na hiyo ngoma ya fyu-fyu-fyu ndiyo ngoma gani?"

Kabla sijajibu, kanda ikamjibu, baina ya beti, kwa sauti kubwa: "Jamani, mimi ndiye bi harusi au hiyo?"

Bi harusi akaziba uso kwa mikono yake ya hina, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na uwanja mzima ukapasuka kwa vigelegele.