Spika ya Upande wa Akina Mama

Saa mbili asubuhi, Krismasi ya 2012, na upepo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma umeshaanza vituko vyake. Arek Deng, 26, amepiga magoti mchangani nje ya kanisa la mabati, koleo mkononi. Mbele yake kuna ampu moja ya kukuza sauti ya gitaa na spika mbili. Waumini wanamtazama kwa wasiwasi, na wana haki.

Mwaka jana fundi aliyemtangulia, Reath, aliunga spika mbili. Ampu ikafuka moshi katikati ya wimbo. Miezi saba kanisa halikuwa na gitaa, hadi watu walipochanga wakanunua ampu hii. Tangu hapo amri ikawa spika moja tu, nayo, bila kuuliza mtu, ikawekwa upande wa wanaume; upande wa akina mama sauti humezwa na upepo.

"Sisi tunaona tu vidole ya Malual ikicheza," anasema Arek, akicheka.

Malual, mpiga gitaa tangu ampu hii inunuliwe, ni mdogo wake. Mama yao hata hivyo vidole havioni. Alipofuka kabla hawajafika kambini. Hajawahi kumsikia mwanawe akipiga kanisani, na leo Arek anataka amsikie.

Ufundi aliupata Lodwar, kwenye kibanda cha redio cha Ochola. Leo hutengeneza redio na simu hapa kambini. Siku njema humpa shilingi mia tatu.

"Reath si mjinga," anasema. "Kila spika aliiunga yenyewe kwa ampu, zote zikavuta umeme pamoja. Ampu ikachoka."

Yeye anapitisha waya kwenye spika ya kwanza, kisha ya pili, ndipo urudi kwenye ampu. "Sauti inapungua kidogo, lakini ampu inapumua."

Mzee wa kanisa, Thiong, hataki maelezo. "Binti yangu, hii ikiungua, usishike tena waya hapa."

"Sawa, baba."

Anawasha. Malual anapiga. Lo! Gitaa linalia pande zote mbili, na vigelegele vya akina mama vinampotezea kijana mdundo. Thiong anaigusa ampu kwa kiganja, anaigusa tena. Haina joto la kutisha. Mzee anaanza kucheza.

Arek anakimbilia kwa mama yake, ambaye ameelekeza sikio kwenye spika.

"Huyu ndiye Malual?" anauliza kwa Kidinka.

"Ndiye, mama."

Mama anasikiliza, machozi yakimtiririka. "Anaenda mbio. Mwambie apunguze, tuimbe."

Arek anacheka huku akijifuta macho. Anapanga kufungua kibanda chake na kufundisha wasichana.

"Lakini kwanza Pasaka," anasema. "Huyu mama nampa maikrofoni."