Upepo Uliotiwa Kufuli

Mwaka tuliopata pampu ya upepo nilikuwa na mtoto mgongoni, mwingine anajifunza kutembea, na pojo zangu chini ya kilima cha Sagalla zimeanza kutoa maua. Mvua ilinyesha ya kupandia tu, ikatoroka. Asiyejua pojo nimwambie: ni choroko, na zikikosa maji wakati wa maua, utavuna majani ya mbuzi.

Zamani maji ya kisima chetu yalivutwa na injini ya dizeli. Dizeli ikikosekana Voi, na ilikosekana sana, injini ililala, sisi tukachota kwa ndoo. Ndiyo maana kanisa lilipotuletea mnara wenye mapanga ya kuzungushwa na upepo tulipiga vigelegele hadi sauti zikatukauka. Upepo haununuliwi, na kiangazi cha kwetu upepo unang'oa mabati.

Basi unajua mwenyekiti wa kamati yetu ya maji alifanya nini? Aliufunga. Chini ya mnara kulikuwa na mkono wa chuma wa kusimamisha mapanga. Akauvuta, akauzungushia mnyororo, akatia kufuli. Ufunguo mfukoni mwake.

Nikamwendea nyumbani. Mke wake akanipa chai kwa kikombe cha bati. Vikombe vya maua vilikuwa kwenye kabati la kioo, vimefunikwa kitambaa.

"Mzee, fungua maji. Pojo zinakufa."

"Mama, ile mashine ni mpya. Wageni waliotupa wanakuja kuiona. Wakikuta imechakaa nitawaambia nini?"

"Ichakae na nini? Upepo si ndio kazi yake?"

"Nyinyi mliosoma sekondari mna haraka. Mimi nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu. Chombo kinatunzwa."

"Basi chukua na shamba langu, ulitie kabatini."

Mke wake akacheka, akajifanya anakohoa. Mzee hakucheka. Alisema sina shukrani.

Nikarudi kwenye ndoo, mtoto analia mgongoni. Juu yangu upepo uliupiga ule mnara hadi vyuma vikalia, na mapanga yametulia kama picha ya ukutani. Sijawahi kuchukia sauti kama ile. Ndoo haishindani na jua la Voi. Maua mengi yakapukutika, machache yaliyobaki yakafunga maganda membamba.

Wageni wakaja. Kufuli likatoka, mapanga yakazunguka, maji yakateremka mferejini hadi shambani kwangu, yakalowesha mashina makavu. Wakapiga picha! Kisha tukaenda kwa mwenyekiti kunywa chai, na vikombe vya maua vikashuka. Nikaingia na fungu la pojo nililong'oa, mizizi na udongo wake, nikaliweka katikati ya kitambaa cheupe cha meza.

"Mama, hizo ni za nini?" mwenyekiti akauliza.

"Za wageni. Tumewatunzia, pamoja na mashine."

Mgeni mmoja, mama mtu mzima wa kanisa kutoka Mombasa, akapasua ganda, hakukuta kitu. Akapasua lingine. Akamgeukia mwenyekiti: maji yalianza kutoka lini? Chumba kizima kikaangalia vikombe.

"Leo," mke wa mwenyekiti akajibu.

Jioni ile ufunguo ulitundikwa mnarani, kila mtu aufikie. Msimu wangu haukurudi. Watoto wangu walikula pojo za kununua sokoni, zimejaa mawe, na kila nilipokaa kuzichambua nilimtaja mzee yule, tena kwa sauti.