Harufu ya Busaa Kwenye Shati

Nakumbuka adhuhuri moja ya Agosti, mwanangu, katika hospitali fulani ya Kitale, nikiwa tabibu kijana wa idara ya dharura. Nilikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi, na haraka ya mtu anayedhani anajua. Ulikuwa msimu wa tohara. Kuanzia Misikhu hadi huku kwetu njuga zililia boma kwa boma, na tangu asubuhi nilikuwa nimepokea walevi watano: aliyeanguka mtaroni, aliyepigana na shemeji yake, na wengine wa namna hiyo.

Wa sita aliletwa na mkewe. Aliitwa Juma, fundi cherehani wa Bungoma, aliyekuja kwa tohara ya mpwa wake. Alikuwa amelowa jasho, ulimi mzito, akimsukuma kila aliyemshika. Shati lake lilinuka busaa, ile pombe yetu ya nafaka, tangu mlangoni.

Sikuinuka kitini.

"Daktari, huyu hanywi," mkewe akasema. "Ni mtu wa msikiti. Na ako na ugonjwa wa..."

"Mama, kila bibi anayeingia hapa ananiambia ati bwana yake hanywi. Basi ni shati lilikunywa?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Kicheko kile kilinipendeza, mwanangu, sikufichi. Nikaandika neno moja kwenye kadi yake, "Mlevi", nikaagiza alazwe benchi la nyuma mpaka pombe imtoke. Mkewe alijaribu tena, mara ya pili na ya tatu. Nikamwambia asinisumbue, nina wagonjwa.

Juma akatulia. Nami nikajiona nimesema kweli: si amelala?

Saa nane akaingia zamu Sista Nekesa, muuguzi aliyekaribia kustaafu. Alikuwa na tabia ya kumpitia kila mgonjwa kabla hata ya kuvua sweta. Alimwinamia Juma, akanusa pumzi yake, akamuuliza mkewe swali moja na kusikiliza jibu mpaka mwisho. Kisha akaja mezani pangu, akavuta droo, akatoa kipimo kidogo cha sukari kilichokuwa karibu na goti langu siku nzima. Tone moja la damu. Sukari ilikuwa imeshuka mno hata kipimo kikashindwa kutoa nambari.

Juma alikuwa na kisukari. Alijidunga insulini alfajiri, akasimama uani na mpwa wake bila kutia kitu mdomoni. Mzee wa boma alipombariki kijana kwa kumpulizia busaa kutoka kinywani, kama ilivyo desturi yetu, nusu yake ilimwangukia mjomba aliyekuwa amemshika bega.

Na mimi, mtoto wa Kibukusu, nilipuliziwa busaa hiyo hiyo kifuani nikiwa kijana. Nilijua vizuri jinsi harufu ile inavyofika kwenye nguo ya mtu.

Sista alipomaliza kumtia glukosi mshipani, alinitazama. "Umenusa shati, daktari. Mdomo hukunusa."

Juma aliamka, lakini akili yake haikuamka yote. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Bungoma kumwona. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Alikaa kando yake ameshika uzi, hajui unaingia wapi. Mkewe alinipa chai, kisha akaniletea ile kadi.

"Si ni wewe uliandika? Futa."

Nilifuta kwa kalamu, mstari juu ya mstari. Neno likaendelea kusomeka. Akairudisha mkobani, na chai yangu ikapoa.

Mwanangu, kesho unaanza zamu yako ya kwanza. Inuka kitini. Mgonjwa aliyechanganyikiwa, mtoboe kidole kabla ya kumpa jina. Aliyemleta anamjua kuliko wewe. Mwache amalize anachosema. Benchi likikuchekea, jiulize ni nani hacheki. Hata mlevi wa kweli mpime, kwa maana pombe nayo hushusha sukari. Wale watano wa asubuhi sikuwapima, na mpaka leo sijui waliishia wapi.

Mungu akupe miguu isiyochoka kuinuka na sikio lenye subira. Na akujalie uzeeke bila kadi ya mtu mwingine ndani ya usingizi wako.