Ulanzi wa Mwezi wa Sita

Enzi zetu hata kompyuta ilisikia baridi. Wenzangu mliokulia Njombe mtanielewa. Mwezi wa sita nyasi za Mjimwema zinaamka nyeupe kwa umande ulioganda. Tunakwenda shule na masweta mawili, moja juu ya jingine, kuni za jiko la shule zikiwa kwapani, na mwalimu wa zamu anatungoja na fimbo yake. Akituchapa miguuni tunalia, lakini kimoyomoyo tunashukuru, maana angalau miguu inapata joto. Tukirudi tunakimbilia jikoni kwa Bibi, tunafukua viazi kwenye majivu, tunavirusha mkono huu kwenda mkono ule, tunavila na maganda yake. Kisha tunacheza kombolela mpaka mama aite. Watoto wa siku hizi ukiwatajia kombolela wanakuuliza inapakuliwa wapi.

Michezo ya kwenye kioo tuliifuata Makambako. Baba mdogo Elia, mdogo wake baba, alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi, na kila tulipokwenda kumsalimia, mwanawe Osmund alinipeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha geimu. Tulisimama nyuma ya madereva wa malori waliokuwa wakisubiri mizigo, tukacheza kwa macho. Upepo wa Makambako uliingiza vumbi kila mahali, mwenye kibanda akawa anapuliza mashine kwa mdomo na geimu inaendelea. Siku moja Osmund akamuuliza vitu hivi vinatengenezwaje. Mwenye kibanda alijibu bila kugeuka kwamba geimu za kweli zinaandikwa kwa lugha inayoitwa C. Jibu hilo lilimwingia Osmund kichwani na halikutoka tena.

Nilikuwa kidato cha kwanza baba mdogo alipotuletea kompyuta. Ilikuwa kuukuu, kioo chake kina kisogo kikubwa kama debe, na ilikuja Njombe imefungwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Dukani kwake alikuwa amepata mpya. Alimshusha na Osmund, aliyekuja kukaa nasi likizo nzima ya Juni, akaiweka ile mashine sebuleni kwa Bibi, kwenye meza ambayo zamani ilikuwa ya redio. Halafu akatupa sharti. Alikuwa na mteja anayeitaka. Ikiwa siku atakayokuja kumchukua Osmund tutakuwa tumetengeneza geimu ambayo mtu mzima anaweza kuicheza mpaka mwisho, kompyuta itabaki. Tukishindwa, inarudi Makambako, inauzwa.

Sijui kama naweza kueleza tulivyoitaka ile kompyuta. Mtaani kwetu hapakuwa na nyingine. Nilikuwa nikilala nausikia mlio wake wa kuwaka masikioni, na asubuhi nilikwenda kuigusa kabla sijanawa uso.

Baba mdogo alituachia vitabu viwili, vyote vya Kiingereza. Kimoja kilikuwa kinene, cha lugha ya C. Kingine kilikuwa kijitabu cha kopi, kimebanwa kwa pini, cha lugha ya BASIC. Akasema tuchague wenyewe, akaondoka. Basi tukachagua kwa akili zetu. Osmund alitaka kinene kwa sababu ndicho cha geimu za kweli, na akaongeza kwamba mtu mwenye akili hawezi kuokota kitabu cha kurasa chache wakati kikubwa kipo. Mimi nilitaka chembamba kwa sababu nilikuwa na uhakika wa kukimaliza. Tulibishana tukichota maji, tukabishana tukimenya viazi, na siku moja Osmund alisusa kula kiazi nilichomchomea. Wala hatukuwa tumewasha kompyuta.

Mwishowe C ikashinda, maana Osmund alikuwa na sauti kubwa. Tukaandika kama kitabu kinavyoonyesha, kompyuta ikatujibu kwamba tumekosea. Tukarekebisha, ikaleta makosa mengine mapya. Tukashika kamusi ya shule, tukatafuta maana ya neno mojamoja, na bado hatukuambulia kitu. Likizo ikaanza kuisha. Bibi alikuwa akipita na beseni lake la maharage, anachungulia, anauliza kama imeshacheza. Tunamwambia bado. Anatikisa kichwa kwa huruma.

Huruma ya Bibi ndiyo niliyotaka kuwasimulia. Asubuhi za baridi kompyuta ilichukua muda mrefu kuwaka. Ilikuwa inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, na Bibi aliyaona hayo akaamua kwamba maskini inatetemeka. Kwake hilo halikuhitaji mjadala. Ndama akizaliwa mwezi wa sita anafunikwa gunia. Vifaranga wanaingizwa jikoni. Basi kila jioni tulipoizima, alichukua blanketi lake la kijivu lenye mistari myekundu, akaifunika kompyuta kuanzia kioo mpaka kisanduku cha chini, akaichomekea pembeni kama mtoto. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuifunua, akaisalimia, "Kamwene," kisha akaenda kuwasha moto. Sisi tulicheka, lakini hatukumkataza. Ukweli ni kwamba hata sisi tuliamini inasaidia.

Siku moja Osmund alitumwa kuni. Nikabaki peke yangu, nikafungua kile kijitabu chembamba. Kulikuwa na mfano wa kuchora duara, na ukurasa uliofuata ulionyesha namna ya kulifanya lisogee. Niliandika mistari michache kwenye kioo cha bluu, nikabonyeza, na duara dogo jeupe likatokea juu likaanza kushuka. Likafika chini, likapotea. Nikalirudisha, likashuka tena. Osmund aliingia na mzigo wa miwati begani, akasimama pale pale mlangoni bila kuutua.

"Linashuka lenyewe?" akauliza.

Nikamwambia kaa uone. Alikaa, kuni zikiwa bado begani, akalitazama likishuka kama tone. Yeye ndiye aliyesema ni tone la ulanzi. Kule mwanzoni mwa mwaka, wakati wa mvua, tulikunywa ulanzi mtamu, maji yanayogemwa kwenye mianzi, kila tulipokwenda shambani kwa Bibi, ule mbichi ambao watoto wanaruhusiwa. Mwezi wa sita mianzi haitoi kitu, na Osmund alikuwa anaulilia tangu afike. Kitabu kinene kikarudi chini ya meza, na hakuna aliyekitaja tena. Mpaka jioni tulikuwa na mwanzi uliochorwa kwa mistari ya kijani, matone yanayodondoka, na mbeta, kile kikombe cha mwanzi cha kukingia, ambacho kilikwenda kushoto na kulia ukibonyeza mishale. Mbeta ikijaa, umeshinda.

Tukamwita Bibi, maana mtu mzima aliyekuwa karibu ni yeye. Alifuta mikono kwenye khanga, akakaa kwenye kigoda, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu pasi ya moto. Akakosa tone la kwanza, akaguna. Akakinga la pili, akasogeza kigoda mbele. Baada ya muda akaiacha mishale, akatugeukia.

"Mbona hamgemi? Mwanzi usipougema asubuhi na jioni unaziba. Huu wenu unatoa tu kama bomba la mtaa."

Tukatazamana. Bibi akarudi kwenye viazi vyake pale pale sebuleni, nasi tukaongeza kisu. Kabla hajamaliza kumenya, geimu ilikuwa na sheria mpya: usipobonyeza kitufe kile kirefu ukagema, matone yanapungua, kisha yanakauka. Akacheza tena, akapata kasoro nyingine. Nyuki wako wapi, ulanzi gani huu hauna nyuki? Tukaweka nyuki. Hivyo ndivyo tulivyoenda, yeye analalamika, sisi tunaandika, na ile BASIC ikawa inakubali kila tunachoiambia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisahau. Majirani walipopita, Bibi aliwaambia kwamba nyumbani kwake ulanzi unadondoka mpaka mwezi wa sita.

Siku ya baba mdogo kuja, ukungu haukuondoka hata saa nne. Tuliiwasha kompyuta mapema ili ichangamke, tukaenda kumlaki stendi. Bibi akabaki. Na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa kubwa na baridi ilikuwa kali, akaona aisaidie mashine mapema. Akaifunika blanketi ikiwa inawaka, akaacha kioo tu nje kama uso wa mtoto mgongoni.

Tuliporudi, kila kitu kilionekana sawa. Baba mdogo akaketi na kikombe cha chai, Bibi akashika mishale, akagema vizuri, mbeta ikaanza kujaa. Ilikuwa imevuka nusu pale kioo kilipozimika ghafla. Tukawasha, ikanguruma kidogo ikafa. Nilihisi machozi yananijia. Baba mdogo akaangalia saa yake, akasema kwa upole kwamba basi, tumejitahidi, mashine yenyewe imechoka. Osmund ndiye aliyeingiza mkono chini ya blanketi akautoa haraka kama aliyegusa sufuria.

Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Tulilitupa blanketi pembeni, tukabeba kisanduku mimi na Osmund mpaka barazani, tukakiweka kwenye ukungu. Bibi alitufuata akilalamika kwamba tunaiua, tunaiweka nje bila hata shuka. Baridi ya Njombe iliyotutesa miaka yote ikafanya kazi yake, na chai ya baba mdogo ilikuwa haijaisha tulipoirudisha ndani na kuchomeka nyaya. Geimu ilikuwa salama kwenye disketi. Bibi alikaa tena, akaanza upya, akagema, akakwepa nyuki, akakinga tone la mwisho. Maandishi yakatokea kwamba mbeta imejaa.

Baba mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaanza kusema habari za yule mteja, labda kwa utani tu. Bibi hakungoja amalize.

"Elia, huyu haondoki. Ameshazoea hapa."

Na hakuondoka. Alikaa na sisi mpaka nilipomaliza kidato cha nne, akifunikwa kila jioni, lakini sasa baada ya kuzimwa tu.

Leo naishi Makambako, naandika programu za kupokea na kupima parachichi kwenye maghala. Osmund amerithi duka la baba yake, na mpaka kesho atakuambia tungevumilia kidogo, C ingekubali. Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, na mianzi yake bado ipo.

Nina binti, Imelda, anayetaka kutengeneza geimu. Ana laptopu nyepesi kama daftari, ana intaneti, ana kila lugha anayoitaka bila kuagiza kitabu kutoka popote. Likizo yake ya Juni aliianza kwa kutazama video za watu wanaobishana ipi ni bora ya kuanzia. Kila siku ana lugha mpya na sababu mpya, na hajaandika hata mstari. Nilimwona, nikamkumbuka Osmund na kiazi alichokisusa. Aliponiuliza nichague mimi, nikamuuliza nani ataicheza hiyo geimu. Akasema watu. Watu gani? "Wa mtandaoni, mama. Dunia nzima." Nilicheka, nikamsimulia haya yote, naye akanisikiliza kwa sikio moja.

Juzi akaniita sebuleni. Kulikuwa na mtu mdogo kwenye kioo, ana ndoo ya parachichi kichwani, anavuka barabara kuu katikati ya malori. Sikumuuliza ametumia lugha gani. Nikakaa, nikabonyeza, nikagongwa. Nikaanza tena. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema mbona hakuna upepo, hii ni Makambako gani isiyo na upepo? Imelda akashusha pumzi ndefu, akaivuta laptopu magotini kwake, akaanza kuandika. Nilipomaliza kumimina chai, upepo ulikuwa unampeperusha yule mtu mpaka katikati ya barabara.

Sisi tulikuwa na kompyuta moja na mchezaji mmoja, na tulimsubiri pale pale amalize kumenya viazi. Wao wana dunia nzima, na dunia haiwezi kukaa kwenye kigoda ikakuambia umesahau nyuki. Namkumbuka Bibi sana mwezi huu.

Baridi ilikuwa kali, na Imelda alikuwa amejifunika blanketi yeye na laptopu yake. Nikalivuta blanketi, nikamwambia mashine itapata joto. Akanitazama kama watoto wanavyotutazama siku hizi, akanirudishia laptopu. Nikashika mishale, nikacheza mpaka mwisho.